Wa Novemba wamefika: barua zenu kuhusu ndege

Simu yangu haijatulia tangu mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha. Ndivyo ilivyo kila Novemba: watu hutazama juu kuona wingu limefika wapi, wakakutana na ndege. Nimeendesha wageni mbugani kwa miaka 28. Sasa nimestaafu, nina migomba yangu hapa Tengeru, na Ziwa Duluti liko karibu kiasi kwamba furukombe akilia asubuhi namsikia nikiwa kitandani. Nafasi ya kujibu ninayo. Nimechagua barua sita. Nanyi mlioniuliza habari za bundi juu ya paa: nyumba zenu hazina neno, anafuata panya.

Shikamoo Babu. Barazani kwetu mbayuwayu wamejenga viota viwili vya udongo. Mume wangu anataka kuvibomoa kwa sababu ya kinyesi. Mwanangu wa darasa la nne analia, anasema mwalimu kawaambia mbayuwayu wametoka Ulaya na wamechoka na safari. Tumsikilize nani? — Mama wa watatu, Usa River

Marahaba mama. Mwalimu kasema kweli na mtoto kasikia vizuri, ila walioko barazani kwako sio hao. Mbayuwayu anayetoka Ulaya hajengi huku. Huku anakuja kula na kubadilisha manyoya. Mayai yake hutaga kulekule, kwenye mazizi na chini ya mapaa yao. Ukiona anabeba matope Novemba hapa kwetu, huyo ni mwenyeji.

Tena wenyeji wako wako zaidi ya aina moja. Kama kiota ni nusu bakuli lililobandikwa ukutani, na ndege ana kofia ya rangi ya kutu, tumbo jeupe safi, na mkiani nyuzi mbili nyembamba, ni aina moja. Kama kiota kina shingo ya kuingilia, mfano wa kibuyu kilicholazwa, na kifua cha ndege kina michirizi myeusi, ni aina nyingine. Wa Ulaya utamkuta kwenye waya za umeme, wamejipanga kama shanga: koo jekundu iliyoiva, chini yake mkanda wa buluu nyeusi. Mwezi huu wengi hata hawapendezi. Mkia haujakamilika, manyoya yamechakaa, maana ndio kwanza wanaanza kuvaa mapya.

Kuhusu kinyesi, mwambie mzee achukue ubao wa upana wa shubiri moja, aupigilie ukutani chini kidogo ya kiota. Uchafu wote utaishia hapo, nawe utaufuta mara moja kwa wiki. Nimefanya hivyo kwangu na mke wangu kanyamaza, jambo ambalo si dogo.

Ila neno moja la mwalimu nitaligusa. Aliwaambia watoto kwamba hawa ni "wageni wetu kutoka Ulaya". Hebu tuhesabu. Wa kwanza wanaingia Septemba, wengi Oktoba, na wanaondoka Machi hadi Aprili. Nusu ya mwaka au zaidi wako huku Afrika, na miezi mingine wako njiani. Manyoya wanayorukia kwenda huko yameota huku, kwa inzi na mbu wa huku. Novemba mtu wa Ulaya huangalia waya tupu akasema mbayuwayu wake wameondoka. Mimi nikiangalia waya za Usa River nasema wamerudi. Sijui kwa nini tumekubali hesabu ya yule wa kwanza tukaiacha yetu.

Mzee mwenzangu, salaam. Kwenye jaruba zangu wameingia ndege wadogo wa kahawia, miguu mirefu, wanatikisatikisa makalio. Majirani wanasema ni jamaa za kwelea, tuwatilie sumu. — Mkulima wa mpunga, Mabogini

Salaam mzee mwenzangu. Tafadhali weka sumu chini. Kwelea ana mdomo mfupi mnene, mwekundu, wa kuvunja mbegu, na anakuja kwa wingu kama moshi. Huyo wako ana mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Mdomo ule hauwezi kumenya punje hata moja. Ni kitwitwi. Anachokota matopeni ni funza, mabuu na wadudu, na akiruka hupiga kelele kali ya "twii-twii" ambayo bila shaka umeisikia kwenye mfereji. Kazaliwa kwenye vinamasi vya kaskazini ya mbali, huko Skandinavia na Urusi, na jaruba lako kwake ni kinamasi kingine tu, tena kisicho na barafu.

Kwelea kwa upande wake hatoki ng'ambo. Ni ndege wa Afrika hii hii, anafuata mvua na mbegu za majani. Najua hasara yake, nimeona shamba la shemeji yangu likigeuka mabua kwa siku tatu, sikuhubirii. Lakini inapopita ndege ya kunyunyizia dawa, msiokote kwelea walioanguka mkawakaanga, na msiwauze. Dawa inayotumika, fenthioni, inadhuru watu pia, na kipanga au bundi anayekula kwelea mwenye sumu hufa naye. Hao ndio wanaokulindia ghala dhidi ya panya.

Babu, mimi ni bodaboda. Juzi jioni baada ya mvua, barabara ya Kisongo, waya zote zilijaa mwewe wadogo, mamia, na wengine hewani wanazunguka. Abiria wangu akasema ni dalili mbaya. Ni nini wale? — Kijana wa Kisongo

Kijana wangu, wale si mwewe. Wala usione haya, mimi mwenyewe niliwaita mwewe kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa, mbele ya watu waliolipa.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwisho wa Novemba, tunakimbilia Karatu giza lisitukute. Hapo hapo Kisongo, mvua imekatika, kumbikumbi wanatoka ardhini kama mvuke. Nyuma alikaa bibi mmoja mgeni, mkimya tangu uwanja wa ndege. Akasema: simama. Nikamjibu ni mwewe tu mama, mbele wapo wengi. Akasema tena: simama. Nikasimama kwa kununa. Alishuka na darubini yake kuukuu, akahesabu hadi 300, akaacha kwa sababu jua lilizama. Kisha akanieleza wale ni akina nani na wametoka wapi. Mimi, mzaliwa wa mkoa huu, nilisikilizishwa habari ya waya za nyumbani kwetu na mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile. Karatu tulifika saa tatu usiku, na tangu siku hiyo nikaanza kununua vitabu.

Ni kozi, kozi wa Amur. Dume ana rangi ya jivu lililolowa, miguu myekundu, na mapajani rangi ya kutu. Akiruka juu yako utaona chini ya bawa jeupe. Jike na vijana wana kifua cheupe chenye madoa meusi. Uzito wake ni kama gramu 150, yaani nyanya mbili sokoni Kilombero. Sasa sikiliza nyanya mbili hizo zimetoka wapi.

Wanazaliwa mashariki ya Siberia na kaskazini mashariki ya China, pande za Mto Amur uliowapa jina. Oktoba wanashuka hadi Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, wanakusanyika huko kwa maelfu na maelfu wakijinenepesha kwa mchwa wenye mbawa, kumbikumbi wale wale. Halafu wanavuka India, na baada ya India hakuna pa kutua. Ni bahari, mchana na usiku, hadi pwani ya Somalia. Mwaka 2013 baadhi yao walifungwa vifaa vidogo vinavyofuatiliwa kwa satelaiti, ikaonekana kwamba safari ya kutoka Nagaland hadi Afrika wanaimaliza kwa siku tano sita bila kupumzika. Wanaweza kwa sababu upepo uko mgongoni. Wazee wetu wa pwani wanaujua upepo huo: ni kaskazi, ule ule uliosukuma majahazi kutoka Bara Hindi na Uarabuni kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Nahodha alingoja kaskazi atweke tanga, na kozi naye anangoja.

Kutoka Somalia wanashuka kupitia Kenya na kwetu, wanaelekea Botswana na Afrika Kusini. Hapa hawakai. Wanafuata mvua, na mvua ndiyo inayofungua vichuguu. Ukitaka kuwaona tena, subiri mvua ya mchana, kisha nenda kesho yake kuanzia saa kumi na moja jioni, kati ya sasa na katikati ya Desemba. Watoto wenu wanaweka beseni la maji chini ya taa kunasa kumbikumbi wa kukaanga. Kozi anakula kutoka shimo lile lile, ila yeye anadakia hewani. Kwenye mikaratusi ya karibu ndipo wanapolala, na makelele yao hayafichiki. Angalia pia juu zaidi, huenda ukaona tai wakubwa wa kahawia kutoka nyika za Kazakhstan na Mongolia. Tai mzima mzima, naye anashuka kutembea chini akiokota kumbikumbi kama kuku. Ni kichekesho, lakini ndiyo chakula chenye mafuta kuliko vyote msimu huu.

Dalili mbaya? Huko Nagaland mwaka 2012 watu walikuwa wakiwanasa kwa nyavu za samaki na kuwauza, maelfu kwa maelfu. Picha zikatoka, wanakijiji wenyewe wakakaa kikao, na mwaka uliofuata mtego haukuwekwa. Mwambie abiria wako dalili ya wale ni kwamba kuna kumbikumbi. Asubiri na beseni.

Mzee, darubini ipi ninunue? Naona zilizoandikwa 20x50 zinauzwa rahisi. — Mhasibu, Njiro

Usinunue hiyo. Ukikuza mara 20 mkono wako nao unakuzwa, utaona mtetemeko tu. Tafuta 8x42, namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ndio unaoingiza mwanga alfajiri. Ya mitumba iliyotunzwa inashinda mpya ya bei ya chee. Toka nayo mlangoni mwa duka usome kibao cha ng'ambo ya barabara, jicho moja moja, kabla hujatoa pesa.

Shikamoo. Krismasi tunakwenda Tanga kwa wakwe. Kuna ndege gani ufukweni, na saa ngapi? — Mke wa Mdigo, Moshi

Marahaba, na wasalimie wakwe. Saa ya Tanga haiko ukutani, iko baharini. Waulize wavuvi maji yanajaa lini, uende saa mbili kabla. Maji yakikupwa kabisa ndege wametawanyika mbali kwenye tope, utaona vidoadoa. Yanapojaa yanawasukuma kuelekea kwako. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndizo bora. Jua liwe mgongoni mwako.

Mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda chini ni sululu, na ukiuona mdomo wenyewe hutauliza kwa nini chombo cha kuchimbia nacho kinaitwa hivyo. Wadogo wanaokimbia kwa makundi wengi wao wamezaliwa Aktiki ya Siberia, kwenye ardhi isiyo na mti hata mmoja.

Lakini wa kumtafuta ni yule mweupe na mweusi, mdomo mnene kama kisu cha kuchunia, mla kaa. Huyu hatoki Ulaya. Anazaa kwenye fukwe za joto za pande za Uarabuni na Somalia, na kiota chake ni shimo alilochimba mchangani, jambo geni kwa ndege wa jamii yake. Mtoto anamfuata mzazi hadi huku kwetu na bado anaomba kulishwa, Desemba, akiwa kalingana naye kwa kimo. Nikiwaona huwakumbuka wanangu wa kiume. Kundi likishatua juu kungojea maji yapungue, lisifukuzwe kwa ajili ya picha. Wanapumzika.

Shikamoo Babu. Mtu anajuaje kama ndege aliyemwona huku ndiye aliyekuwa Ulaya? — Mwanafunzi wa darasa la sita, Moshi

Marahaba mjukuu wangu. Zamani hawakujua. Wapo wasomi wa Ulaya walioandika kwamba mbayuwayu wakati wa baridi hujizika kwenye matope ya ziwa. Kisha mwaka 1822, huko Ujerumani, korongo mweupe alipigwa risasi, wakamkuta amechomwa shingoni na mshale wa urefu wa karibu mkono mzima, wa mti wa Afrika. Alikuwa amepigwa huku, akaruka nao hadi kwao. Yuko hadi leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akapata njia isiyoumiza: aliwavisha kwezi pete nyepesi za alumini mguuni, zenye namba na anwani. Mwaka 1911 mbayuwayu alivishwa pete Uingereza, na Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Namba ikasomwa, barua ikatumwa, na hadithi ya matope ikaisha.

Kwa hiyo ukimkuta ndege mwenye pete, andika kila herufi na kila tarakimu, tarehe na mahali, upige picha. Akiwa hai soma umwachie, pete usiitoe. Kisha mwombe mwalimu akusaidie kutuma taarifa kwa anwani iliyochorwa au kwenye tovuti ya EURING, muungano wa Ulaya wa wanaovisha ndege pete, nao watakuambia alivishwa wapi na lini. Mimi miaka yote hii sijaipata hata moja, mashambani wala barabarani. Ukinitangulia, niandikie upesi, na uniwie radhi nikichelewa kujibu kwa wivu.