Mwanao Akishiriki Michezo ya Kigiriki Shuleni

Shule anakosoma binti yangu, hapa Busia upande wa Uganda, iliamua siku ya michezo iwe ya Wagiriki wa kale. Madarasa yakagawanywa Sparta, Athene na Korintho, na wazazi tukaombwa leso za kuwavisha watoto. Barua kama hiyo ikikufikia, usianze na leso. Uliza kwanza mtoto atashindana katika nini, maana mbio zile si kama hizi alizozoea.

Chukua namna ya kuanza. Kule Olimpia, mahali pa Ugiriki ilikofanyika Michezo ya Olimpiki ya kale, mkimbiaji alianza akiwa wima, vidole vya miguu vikishika mfereji uliochongwa kwenye jiwe. Aliyechomoka kabla ya wakati alichapwa. Walimu wetu waliacha kiboko, wakabakiza kusimama wima, na watoto waliozoea kuinama wakayumba hatua za mwanzo. Mfundishe wako atangulize mguu mmoja na kuegemea mbele kidogo. Jioni chache uani zinatosha.

Panapohitaji mazoezi hasa ni kwenye kugeuka. Mbio kongwe kuliko zote, zinazohesabiwa tangu 776 KK, zilikuwa za urefu mmoja wa uwanja, kama mita 192, na mshindi wa kwanza anayetajwa, Koroibos wa Elis, alikuwa mpishi. (Binti yangu aliposikia hilo alijitolea kusonga posho, yaani ugali. Ilikuwa na madonge, tukala.) Baadaye zikaongezwa mbio za kwenda na kurudi: unakimbia hadi mwisho, unazunguka nguzo, unarudi. Nguzo ya shuleni kwetu ilikuwa jerikani lililojazwa mchanga, na hapo ndipo watoto walipogongana na kuanguka. Wengi hufika kwa kasi yote, wanapitiliza, kisha wanarudi wakikata mbele ya wenzao. Weka jerikani uani. Mwambie apunguze kasi hatua tatu au nne kabla, aingie kwa upana kidogo, atoke akiwa karibu nalo. Akilijua hilo atawapita wenye mbio kuliko yeye.

Kuruka nako kuna jambo. Wagiriki waliruka wakiwa na vizito vya jiwe au chuma mikononi, wakivipunga mbele ili viwavute. Shuleni huenda wakatumia chupa ndogo za mchanga. Kwa mtoto wa P5 (darasa la tano) mimi sizipendi, zinamharibia kutua. Mwalimu akikubali, aruke mikono mitupu. Wakirusha mkuki na kisahani, mkuki uwe wa tete, na kisahani kiwe cha plastiki.

Leso yenyewe ikomee juu ya magoti, ifungwe kwa mshipi juu ya kaptula. Wagiriki walikimbia uchi, jambo ambalo mwalimu mkuu alilipita harakaharaka kwenye hotuba yake. Asubuhi uji mwepesi, kofia, maji.

Binti yako akisikia kwamba wanawake hawakushindana kwenye Olimpiki ya kale, atakuuliza. Mjibu kwamba wasichana walikuwa na michezo yao hapohapo Olimpia, ya kumheshimu mungu wa kike Hera, uwanja ukipunguzwa kwa moja ya sita. Kisha mtajie wanariadha wetu wa Uganda, Dorcus Inzikuru, bingwa wa dunia mwaka 2005, na Peruth Chemutai aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka 2021, wote kwa mbio za kuruka viunzi na maji. Wangu aliacha kununa papo hapo.

Limebaki suala la taji. Olimpia alivikwa wa kwanza peke yake, taji la majani ya mzeituni mwitu. Wa pili na wa tatu hawakupata kitu. Shule yetu ilifuata hivyo hivyo kwa majani ya mpera. Kwa wakubwa naona ni sawa, wanaelewa. Kwa P1 hadi P3 ilikuwa kilio kitupu, kwa hiyo wenye wadogo muulizeni mwalimu wa michezo mapema, na mkikuta taji ni moja tu, mpeni mtoto habari hiyo nyumbani, kabla hajafika uwanjani.