Sarafu za kale zenye ala za muziki: kabla ya bei, tazama mikono ya mpigaji

Mkuu, uzi wako nimeukuta jana usiku nikitoka kazini, na nimeona majibu mengi yanakwambia ununue dhahabu. Niruhusu nikupe njia nyingine. Umesema wewe ni mwalimu wa kwaya hapo Dar, una shilingi laki tatu hivi, unataka sarafu za kale zilizochorwa ala za muziki, na mpwa wako aliyeko Ujerumani amekutumia picha ya shaba ndogo yenye kinubi. Unauliza uanzie wapi, utajuaje kwamba hujauziwa feki, na kama hiyo shaba ichukuliwe au iachwe. Mimi nakusanya sarafu za namna hii mwaka wa kumi na moja sasa, niko Birmingham. Nitajibu kwa yaliyonipata.

Nianze na babu, maana bila yeye nisingeingia huku. Babu mzaa mama alikuwa mpiga zumari wa Kidigo, upande wa Tanga kuelekea mpakani. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa mbele yake nikimtazama mashavu. Yalijaa, yakabaki yamejaa, pumzi anaivuta kwa pua huku mashavu yanasukuma hewa, na wimbo haukatiki hata mara moja. Miaka mingi baadaye, kwenye maonyesho ya sarafu hapa Uingereza, nikawa napekua trei ya shaba za bei ya chini. Nikakuta kijitu uchi kinatembea, mashavu yamejaa, na mdomoni mmetoka mirija miwili. Karatasi ya muuzaji iliandikwa "mpiga filimbi". Nikasema moyoni, hapana, huyu hapigi filimbi. Huyu anapiga zumari, tena mbili kwa mpigo.

Na ndivyo ilivyo. Ala ile Wagiriki waliiita aulos. Ni mirija miwili, kila mmoja una ulimi wake wa tete mdomoni, kila mkono unashika mrija wake. Filimbi haina ulimi, unapuliza tundu tu. Sisi wenye Kiswahili tunazo ala zote mbili, kila moja na jina lake, lakini katalogi za Ulaya zimeiita aulos filimbi kwa vizazi na vizazi na bado zinaiita hivyo. Kwa hiyo ukitafuta kwenye tovuti za minada, tafuta kwa neno lao la filimbi ili uzipate, kisha ukiipata itazame kwa macho ya mtu aliyeona zumari ikipigwa.

Sarafu yenyewe ilitoka Apameia ya Frigia, karne ya 1 kabla ya Kristo. Kijitu ni Marsyas, kiumbe wa hadithi za Kigiriki. Kisa chake kinasema mungu wa kike Athena alizitengeneza zumari, akazitupa kwa sababu zilimvimbisha mashavu na kumharibu sura. Marsyas akaziokota, akawa fundi, akamwita Apollo, mungu wa muziki, washindane, Apollo na kinubi chake. Marsyas akashindwa, akachunwa ngozi. Mji ulimweka kwenye sarafu kwa sababu mto Marsyas ulikuwa unabubujika hapo hapo, na Xenophon, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anaandika kwamba ngozi ilisemekana kutundikwa katika pango la chemchemi. Chini ya miguu ya Marsyas kuna mchoro wa mistari inayojipindapinda: ndio mto Maeander. Leo mahali hapo ni Uturuki, na mji uliopo unaitwa Dinar. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu kwa furaha. Nililipa pauni 42.

Sasa sikiliza lililonipata baadaye, maana hili ndilo jibu la swali lako la feki. Kwa kuwa niliipenda ile sarafu, nilitafuta ya pili iliyo safi zaidi. Nikaipata mtandaoni kwa muuzaji mmoja, kila kitu kimekaa wazi, misuli ya miguu, nywele, vidole. Nikalipa mara nne ya ile ya kwanza. Nilikaa nayo karibu mwaka mzima. Siku moja nikaziweka mbili sambamba chini ya lenzi ya mara kumi, nikaona jambo likaniumiza: kwenye ile safi mikono yote miwili imeshika mrija mmoja. Hakuna wa pili. Sarafu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imelika, na mtu alichukua kalamu ya chuma akaichonga upya ili ionekane mpya. Hakujua ala ile inapigwaje, akauchonga mrija mmoja na kuufuta wa pili. Nilimwandikia muuzaji, hakujibu. Sijaitupa. Naiweka karibu na ile chakavu kila ninapomfundisha mtu.

Ndiyo maana nakwambia kabla ya bei uangalie mikono. Fundi wa zamani aliyechonga muhuri wa kugongea sarafu alikuwa amewaona wapigaji kila sikukuu, alijua kidole kinakaa wapi. Mchongaji wa juzi hajui. Wewe ni mtu wa muziki, jicho hilo tayari unalo, na wakusanyaji wengi hawana.

Mengine ni ya kawaida lakini usiyaruke. Nunua mzani unaosoma hadi gramu 0.01. Dinari ya fedha ya Jamhuri ya Roma huwa karibu gramu 3.9, kwa hiyo ukiletewa ya gramu 2.6, uliza maswali. Omba picha ya ukingo: sarafu hizi ziligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, na ukiona mstari wa kuungana unaozunguka ukingo, au vitundu vidogo vya mapovu usoni, imemiminwa kwenye kalibu.

Tuje kwenye shaba ya mpwa wako. Picha yako haionyeshi vizuri, ila herufi zinazozunguka kinubi nimeweza kuzisoma: ΧΑΛΚΙΔΕΩΝ, yaani "ya Wakalkidi". Hiyo ni sarafu ya muungano wa miji ya Kalkidike, kaskazini mwa Ugiriki, mji mkuu wake Olynthos. Kichwa cha upande wa pili ni Apollo. Muungano ulikufa mwaka 348 kabla ya Kristo, Philip wa pili wa Makedonia alipoubomoa Olynthos, kwa hiyo sarafu haiwezi kuwa changa kuliko hapo. Sarafu kubwa za fedha za aina hiyo, zenye uzito wa zaidi ya gramu 14, ni miongoni mwa nzuri kuliko zote zilizowahi kuchorwa kinubi, na nyuzi saba unazihesabu moja moja. Hizo hatuziwezi. Shaba zake tunaziweza, mimi nilichukua yangu kwa pauni 38.

Tahadhari moja kwa mwanamuziki: kwenye sarafu ndogo usihesabu nyuzi ukadhani umepata ushahidi. Fundi alikuwa na nafasi ndogo kama ukucha, akachora nyuzi tatu au nne basi. Kitu cha kutazama ni tumbo la kinubi. Likiwa la duara, hilo ni gamba la kobe lililowambwa ngozi, kinubi cha nyumbani na cha shule. Likiwa la mraba chini na mikono minene, hilo ni sanduku la mbao, kithara, ala ya mafundi wa jukwaani. Shaba ya mpwa wako ina kithara. Na kama umewahi kuona nyatiti ya Wajaluo au litungu la Wakurya kule Mara, umeshaiona familia hii ikiwa hai: tumbo lililowambwa ngozi, mikono miwili, kijiti cha juu, nyuzi zinazofungwa pale juu. Nilipowaonyesha wenzangu wa chama cha sarafu hapa video ya mpiga nyatiti, mzee mmoja aliyekusanya vinubi vya Kigiriki maisha yake yote alisema ndiyo mara ya kwanza kuelewa mkono wa kushoto unafanya nini nyuma ya nyuzi.

Kama siku moja utapata fedha zaidi, ningekushauri ujibane upate dinari ya uasi wa Bar Kokhba. Wayahudi, wakiongozwa na Bar Kokhba, waliasi dhidi ya Roma mwaka 132, wakapigana hadi 135. Fedha yao hawakuitengeneza upya. Walichukua dinari za Roma zilizokuwa mikononi mwa watu, wakazigonga tena kwa mihuri yao. Palipokuwa na uso wa kaisari wakaweka kishada cha zabibu, kinubi, au tarumbeta mbili zilizosimama wima, na maandishi ya Kiebrania cha mtindo wa kale: "Kwa uhuru wa Yerusalemu." Tarumbeta na vinubi vilikuwa vya Hekalu, na Hekalu lilikuwa limechomwa mwaka 70. Ukienda Roma, kwenye Tao la Titus, utaona askari waliochongwa wakibeba nyara za Hekalu, na tarumbeta zimo. Miaka sitini baadaye waasi wanazirudisha tarumbeta zile juu ya sura za watawala wa Roma. Yangu ina tarumbeta. Nilijibana miezi minane kuipata. Ukiielekeza kwenye mwanga wa pembeni, kati ya tarumbeta hizo unaona mabaki ya herufi za jina la kaisari Trajan ambazo nyundo haikuzimaliza. Kila nikiitazama huwa natulia kimya kwa muda.

Hizo zinaghushiwa sana, kwa hiyo usinunue bila karatasi ya mnada wa zamani.

Nyingine nazipitia haraka. Baragumu la vita la Wakelti, refu, linalosimama wima na kichwa cha mnyama juu, liko kwenye dinari za mwaka 48 kabla ya Kristo, wakati Julius Caesar ameishinda Galia, nchi ya Wakelti hao: ya Hostilius Saserna ina kichwa cha mwanamke na baragumu nyuma yake, ya Brutus Albinus ina mabaragumu mawili yaliyopishana. Dufu lipo mkononi mwa mungu mama Cybele kwenye sarafu nyingi sana, na hizo ni rahisi kupata. Kayamba la Misri, sistrum, limeshikwa na mwanamke anayeitwa Aegyptos kwenye dinari ya kaisari Hadrian, na ndege kwarara miguuni pake. Makanisa ya Ethiopia yanatikisa ala ya ukoo huo mpaka leo. Kaisari Nero yupo kwenye shaba akitembea na kinubi kwa vazi la Apollo, na Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anataja kwamba aligongesha sarafu zenye sura yake katika vazi la mpiga kinubi. Na kuna Pomponius Musa, afisa wa Roma aliyeitwa Musa, akatumia jina lake kuwaweka Muza, miungu wa kike wa sanaa, wote tisa kwenye dinari zake, na wa kumi Hercules akipiga kinubi. Mfululizo huo wote ni gharama. Mimi nina mmoja tu, Euterpe, mwenye zumari mbili, kwa sababu unazozijua.

Waliokwambia dhahabu nadhani walimaanisha ile ya Samudragupta wa India, karne ya 4: mfalme amekaa kitini, mguu mmoja umekunjwa, anapiga ala ya nyuzi ya Kihindi iitwayo vina. Ni sarafu ya ajabu, na kwenye nguzo ya Allahabad mshairi wake Harishena anamsifu mfalme huyo kwamba aliwatia aibu hata Narada na Tumburu, wanamuziki wa mbinguni. Ila bei yake ni maelfu ya pauni. Nenda kaione bure kwenye picha za British Museum. Na hapo pia majina yanapotosha: katalogi zinasema mpiga kinubi cha Kigiriki, lakini ala iliyo mapajani ina shingo iliyopinda kama upinde, ndugu wa ennanga ya Baganda. Mtu wa Kampala angeijua kabla ya mtaalamu wa London.

Kwa upande wetu usitafute. Sarafu za masultani wa Kilwa hazina picha, zina maneno, na utamu wake ni kwamba maneno ya upande mmoja na wa pili yana vina, kama mashairi. Ukimkuta mtu anauza zilizookotwa Kilwa Kisiwani, usinunue. Kuchimba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na sarafu iliyotolewa ardhini bila kuandikwa imetoka wapi imeshapoteza nusu ya habari yake. Uturuki, Ugiriki na Misri nao wana sheria kali, ndiyo maana nasisitiza karatasi: nani aliiuza, lini, mnada gani.

Ikifika Dar, adui ni unyevu. Ukiona unga wa kijani mpauko unaochipuka juu ya shaba na kudondoka ukiugusa, ni ugonjwa wa shaba, itenge na nyingine siku hiyo hiyo. Weka sarafu kwenye kibweta kinachofunga vizuri na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, uvibadilishe. Usitumie mifuko laini ya plastiki yenye PVC, inaacha utelezi wa kijani. Na usioshe kwa limao wala siki, tafadhali. Ile rangi ya kale ndiyo ngozi yake, ikitoka hairudi.

Kwa hiyo, mwambie mpwa wako amuulize muuzaji vitu vitatu: uzito, picha ya ukingo, na risiti ya alikoinunua yeye. Kama ni chini ya pauni 50 na risiti ipo, aichukue, itakubakia hela ya mzani na lenzi. Picha zikifika ziweke hapa hapa, uso na mgongo, kwa mwanga wa dirishani bila flashi, nitakaa nazo Jumapili.