Msimhimize kazi, mpunguzieni majalada

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwenzako kazini ana sonona na ari imemwisha. Utamtiaje moyo?" Kwangu swali limeanzia pabaya. Mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hatibiwi kwa kuambiwa "jikaze". Ugonjwa wenyewe ndio unaokula usingizi, umakini na uwezo wa kuanza jambo. Bora tuulizane kazi yake ipangweje ili aweze kuianza.

Kuna masjala moja pale Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, ambako mtunza kumbukumbu, kijana aliyehamishiwa Dodoma familia ikabaki Dar, alifikia kukaa mbele ya lundo la majalada hadi saa tisa bila kufungua hata moja. Kwenye grupu la WhatsApp akatumiwa aya na "utashinda tu". Mkuu wa kitengo akamsema mbele ya watu kikao cha Jumatatu. Akazidi kunyamaza.

Aliyemwelewa ni mama mmoja wa masjala hiyohiyo. Lundo alilifungia kabatini, kila siku akamwekea mezani majalada matano tu: "Mwanangu, haya yaandikie rejista, mengine tutaona kesho." Hakumpa saa moja na nusu asubuhi, alisubiri chai ya saa nne, kwa sababu kwa wengi wenye sonona asubuhi ndiyo ngumu zaidi, na kijana alikuwa ameanzishiwa amitriptilini, dawa inayomezwa usiku na ambayo mara nyingi huacha usingizi hadi asubuhi. Mchana aliyakusanya, yakiwa yamekamilika matatu, alipokea matatu bila kuhoji. Madokezo ya haraka alimpa mtu mwingine, akamweleza kijana waziwazi kwamba ni kwa muda.

Kisha mwenzao mmoja, kwa huruma tupu, akabaki jioni akamaliza lundo lote. Kijana akafika, akakuta kabati halina kitu, akaondoka, asionekane siku mbili. Sonona ilikuwa tayari inamwambia hana maana. Lile kabati likawa ushahidi. Ikabidi mama aanze upya na majalada mawili, kisha matano, baadaye manane. Nimelivuta sana hili kwa sababu ofisi nyingi hukosea hapo: ama zinambebesha yote, ama zinamnyang'anya yote.

Bosi aambiwe kwa ridhaa ya mgonjwa, na jina la ugonjwa si lazima. "Yuko kwenye matibabu, kazi nzito aanze saa nne" inatosha. Cheti cha daktari kisisahaulike, bila hicho atahesabiwa mtoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Watumishi wa umma wana kanuni zao.

Akisema amechoka kuishi, muulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, ipo tangu 1927, na inaniuma kwamba jina lake bado tunalifanya tusi mtaani, maana wagonjwa wanalikimbia. Anayeliogopa aanzie General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, daktari atamwandikia rufaa akiona haja.

Kwenye dawa, hata hivyo, msimamo wangu unalegea. Nafuu huchukua wiki mbili hadi sita kuonekana, lakini kinywa kukauka na usingizi huja siku za mwanzo kabisa. Mgonjwa anaona madhara tu, anaziacha. Wengine huziacha wakishapata nafuu, ilhali kwa kawaida huendelea angalau miezi sita baada ya hapo, na kupunguzwa taratibu na daktari. Hapo maneno ya mwenzake yana kazi: kumkumbusha, kumsindikiza kliniki, kumwombea ruhusa ya miadi.

Basi ndiyo, mtieni moyo, ila wa dawa na miadi, si wa majalada. Ushauri huu ni kwa aliyekwisha kuonwa na daktari. Na akianza ghafla kukesha bila kuchoka, kuongea mfululizo na kutumia fedha ovyo, msishangilie kwamba amepona; arudishwe kwa daktari haraka, huenda dawa ikabadilishwa.