Trekta la gia au la hidro? Angalia kwanza litafanya kazi gani kutwa nzima

Naanza na jibu kabisa, maana najua kuna mtu anasoma hii akiwa tayari yuko yadi na muuzaji amesimama pembeni. Kama trekta unalitaka kwa ajili ya kulima, yaani plau na haro, iwe shamba lako au unalimia watu kwa ekari, chukua la gia. Kama kazi yake kubwa itakuwa kwenda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima, kubeba samadi kwa loda (lile beleshi kubwa la mbele), kufyeka majani katikati ya miembe, kusogeza vitu kwenye boma dogo lenye ng'ombe na mabanda, hapo hidro itakufaa kuliko gia na utaiona faida yake mapema sana. Sababu zake nazieleza chini, na nakuomba uzisome kabla hujatoa hela, kwa sababu wengi tunanunua kwa mkopo na mkopo hausubiri trekta lipone.

Mimi natumia yote mawili. Kilombero nina Massey Ferguson 375, lile la gia nane mbele na mbili nyuma, linalima mpunga wetu halafu linaenda kwa majirani. Nyumbani upande wa Bagamoyo kuna Kubota dogo la hidro lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, maandishi yake mengi bado ni ya Kijapani, hilo ni la ng'ombe na miembe. Kwa hiyo simpigii debe mtu, kila moja nalipenda kwa kazi yake na nisingekubali kubadilishana.

Sasa hidro ni kitu gani, maana wengi wanaiita trekta la otomatiki wakidhani ni kama gari la otomatiki, na haifanani kabisa. Injini inazungusha pampu ya oili, pampu inasukuma oili kwa presha kubwa mpaka kwenye mota ya haidroliki, na mota hiyo ndo inapeleka nguvu kwenye matairi. Ndani ya pampu kuna sahani inayoinama. Ukikanyaga pedeli unaiinamisha, ikiinama zaidi oili nyingi inapita na trekta linakimbia, ikikaa wima oili haipiti na trekta linasimama, ikiinama upande wa pili linarudi nyuma. Ndo maana dereva hakanyagi klachi kubadilisha mwendo, anacheza na pedeli tu, na pembeni kuna kishikio cha kuchagua mwendo mzito au mwepesi, mara nyingi kimechorwa kobe na sungura.

Kwenye gia meno ya chuma yanasukumana moja kwa moja, kwa hiyo karibu nguvu yote ya injini inafika kwenye tairi. Kwenye hidro nguvu inageuzwa presha ya oili halafu inageuzwa tena kuwa mzunguko, na kila ikigeuzwa kuna sehemu inapotea kama joto. Wala siyo maneno ya vijiweni, watengenezaji wenyewe wanaandika. Chukua Kubota L2501, lina aina zote mbili kwa injini ileile ya farasi karibu 25, la gia linatoa farasi 20.5 kwenye PTO (ile shafti ya nyuma inayozungusha vifaa kama kifyekeo), la hidro linatoa 19. Hapo ni PTO tu, ambayo haipiti hata kwenye ile mota ya matairi, kwenye kuvuta ndo tofauti inaonekana zaidi.

Kwa trekta la kubeba samadi hiyo tofauti huisikii. Kwa plau utaisikia, tena utailipia kwenye dizeli. Udongo wa Kilombero ule mweusi wa bondeni ukianza kukauka ni mzito, plau la diski tatu linavuta trekta nyuma saa nzima bila kupumzika, na hidro ikibanwa hivyo oili inapata moto, oili ikipata moto inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi inavuja kwa ndani kwenye pistoni za pampu na mota, na nguvu inazidi kushuka huku jua nalo linawaka. Gia unaweka ya pili au ya tatu, unaweka resi, linavuta mpaka mwisho wa shamba unageuza. Hakuna cha kufikiria.

Na hata wakubwa walishajaribu. International Harvester ya Marekani mwaka 1967 ilitoa trekta la 656 lenye hidro, trekta la shamba kabisa siyo la bustani, wakaendelea na matoleo mengine mpaka miaka ya 80. Waliokuwa na kazi ya loda na kufunga majani waliyapenda mno, ila kwenye plau yalivuta pungufu kuliko ndugu zake wa gia na leo hidro tupu utaikuta zaidi kwenye matrekta madogo. Mwaka 1995 Fendt wakaja na Vario 926 inayochanganya hidro na gia kwa pamoja ili kuokoa ile nguvu inayopotea, kitu kizuri sana, lakini bei yake siyo ya mimi na wewe kwa sasa.

Sasa wapi hidro inashinda? Nenda ukaangalie mashine ya kuvuna mpunga. Hizi kombaini za minyororo ya mpira kama Kubota DC-70 zinatembea kwa hidro, na kuna sababu. Ngoma ya kupura inatakiwa izunguke kwa kasi ileile muda wote, resi usiiguse. Lakini mpunga haujakaa sawa, hapa umesimama vizuri, pale umelala, mbele kidogo jaruba lina tope, kwa hiyo dereva anapunguza mwendo wa mashine kidogo kidogo kwa kishikio huku injini inaunguruma vilevile na ngoma inapura vilevile. Ungekuwa na gia ungekuwa unasimama, unabadilisha, unaondoka, unasimama tena. Kama umeshawahi kukaa kwenye kombaini basi hidro unaijua tayari na umeshaielewa faida yake.

Ndo hivyohivyo kwenye kufyeka majani na kwenye roteveta, ile mashine ya visu inayokatakata udongo. Majani yakiwa marefu unalegeza pedeli, kifyekeo kinaendelea na PTO yake ya mizunguko 540 kwa dakika, hakibani. Kwenye trekta la gia lenye klachi ya hatua moja ukikanyaga klachi PTO nayo inasimama, unaacha majani yamejisokota kwenye visu. Kama unachukua la gia na una kazi za PTO basi hakikisha lina klachi ya hatua mbili, ile ukikanyaga nusu matairi yanasimama na PTO inaendelea, ukikanyaga mpaka chini vyote vinasimama. Muulize muuzaji, halafu jaribu mwenyewe usimwamini kwa mdomo.

Na loda ndo usiseme. Kusomba samadi ni kwenda mbele mita tano, kurudi nyuma mita tano, kugeuka, kumwaga, asubuhi mpaka mchana. Kwa gia mguu wa kushoto unakanyaga klachi mara zisizohesabika, na klachi inaliwa hapo kuliko shambani, na kubadilisha klachi kwenye haya matrekta ni kulipasua katikati, injini huku giaboksi kule. Mzee wangu ana goti linalomsumbua, Massey hapandi tena, ila lile Kubota dogo analiendesha vizuri tu na ng'ombe anawahudumia mwenyewe. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuwa nalo na siwezi kuipigia hesabu ya dizeli.

Kuna jambo moja la uendeshaji naomba ulishike kwa sababu linaua hidro nyingi. Mzigo ukizidi, usikanyage pedeli zaidi. Legeza. Kila mtu mguu wake unataka kukanyaga kama yuko kwenye gari linapanda mlima, lakini kwenye hidro kukanyaga mpaka chini ni sawa na kuingiza gia ya mbio kabisa, trekta linakosa nguvu, pampu inaanza kulia, injini inataka kuzima. Ukilegeza pedeli mwendo unapungua na nguvu ya kuvuta inaongezeka. Weka kishikio kwenye kobe, weka resi ya kutosha, halafu mwendo uamue kwa pedeli. Ukiajiri dereva, mfundishe hili siku ya kwanza, na kama trekta litakuwa mikononi mwa madereva wanaobadilika kila msimu, mimi bado nakushauri gia, maana gia hata dereva akiikosea inapiga kelele anajua amekosea.

Halafu kuna ukweli wa huku kwetu. Betri ikifa shambani, trekta la gia mnalisukuma au linavutwa na lingine, mnaingiza gia linawaka, kazi inaendelea. La hidro haliwaki kwa kusukumwa, hata mje kijiji kizima, kwa sababu matairi hayana namna ya kuizungusha injini kupitia ile oili. Na kulivuta likiharibika siyo kufunga mnyororo na kuondoka tu, kile kishikio cha mwendo lazima kiwe katikati, mnavuta taratibu na siyo mbali, vinginevyo mnamaliza mota. Kuegesha pia, la gia unaliacha kwenye gia linakaa, la hidro ukizima injini kwenye mteremko linaweza kuteleza polepole, kwa hiyo breki ya mkono iwe nzima na uitumie kila mara.

Matengenezo. Gia inasamehe. Massey ukiliacha na oili iliyopitiliza muda litanung'unika lakini litalima, na fundi wake utampata Ifakara, utampata Mbarali, utampata Babati, spea zake zimejaa Gerezani kule Dar na mikoani. Hidro haitaki uchafu hata kidogo, zile pistoni zimekaa kwa nafasi ndogo mno, mchanga kidogo kwenye oili unazikwaruza na ukishakwaruza hakuna kurekebisha kwa tupa, ni kununua pampu nyingine. Likiwa jipya filta ya hidro inabadilishwa kwenye saa 50 za mwanzo, baada ya hapo unafuata kitabu chake. Oili weka ile iliyoandikwa, usiweke ya injini wala mabaki ya ndoo usiyoijua, na wakati wa kumimina funika, futa mdomo wa tangi, usifanye kwenye upepo wa vumbi. Kabla hujanunua hidro yoyote tafuta kwanza filta yake iko wapi na nani anaiuza. Ukikosa filta kwa umbali unaoweza kufika kwa basi, achana na hilo trekta hata kama bei inavutia.

Ukienda kukagua lililotumika, usikubali kulijaribu likiwa la baridi. Oili ya baridi ni nzito, inaficha uchakavu wote, trekta linavuta vizuri yadini halafu ukilifikisha nyumbani likipata moto linalegea. Liwashe, liendeshe nusu saa au zaidi mpaka oili ipate moto sawasawa, kisha tafuta mwinuko, panda kwa mwendo wa kobe, simama katikati, ondoka tena. Rudi nyuma kupanda pia. Likisita au likianza kulia kama linaumia, hapo pampu imechoka. Chomoa kijiti cha oili, ukiona rangi ya maziwa kuna maji yameingia, ukinusa harufu ya kuungua limebanwa sana. Angalia na mapezi ya kupozea oili kama hayajaziba. Muuzaji akikwambia hana muda wa nusu saa, basi na wewe hela yako huna haraka nayo.

La gia ukaguzi wake mwepesi zaidi. Pita gia zote moja baada ya nyingine, angalia kama kuna inayochomoka yenyewe ukiachia resi kwenye mteremko, sikiliza beringi ya klachi ukikanyaga na ukiachia, washa PTO na uzime mara kadhaa. Mengine fundi wa kawaida atakwambia.

Kwa wale ambao kazi zenu ni nusu kwa nusu, mnalima masika halafu mwaka mzima trekta linakaa na loda na trela, msikimbilie hidro wala gia ya kizamani. Yapo matrekta ya gia yenye shato, kishikio karibu na usukani unachokisukuma kwenda mbele na kukivuta kurudi nyuma, gia yako inabaki ileile. Shato za kawaida bado zinataka klachi, zile za haidroliki hazitaki. Nguvu ya plau unabaki nayo, na loda haikuchoshi kama zamani. Ukilipata la namna hiyo panda mwenyewe, liwashe, nenda mbele na urudi nyuma pale pale yadini mpaka uone kama linageuka bila kurusha mwili, na kama lina klachi usikilize mguu wako unasemaje baada ya kurudia mara nyingi.