Barua kwa Mwanangu: Dakika za Mwisho za Dvořák

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umenunua gramafoni, kwamba fedha uliyobakiwa nayo inatosha santuri moja tu ya koncheto ya chelo ya Dvořák, ule utungo wa yule mtunzi Mcheki ambamo chelo moja hupiga pamoja na okestra nzima, na unataka nikutajie iliyo bora kati ya za wapiga chelo Casals, Fournier na Rostropovich. Nitakujibu, ila nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu bila hilo jina lolote nitakalokutajia halitakufaa kitu. Mpiga chelo wa koncheto hii hupimwa mwishoni. Nimelisema hili mezani hadi kaka yako akawa ananimalizia sentensi, na bado nalisema.

Dvořák aliimaliza kazi hii New York mwezi wa Februari 1895, alipokuwa akiongoza chuo cha muziki huko. Alipokuwa akiiandika alipata habari kwamba shemeji yake, Josefina, alikuwa mgonjwa sana. Huyu ndiye ambaye Dvořák alimpenda ujanani, kabla ya kumwoa mdogo wake, Anna. Na katika sehemu ya pili ya koncheto, ile ya polepole, aliingiza wimbo aliokuwa ameutunga zamani, ambao Josefina aliupenda. Alirejea kwao Bohemia, na mwezi wa Mei mwaka huohuo Josefina akafariki. Hapo Dvořák aliufungua tena muswada uliokwisha kukamilika, akauondoa mwisho wa kwanza na kuandika mwingine mrefu zaidi, ambamo wimbo ule unarudi, safari hii ukipigwa na fidla moja huku chelo ikiifuata chini yake. Rafiki yake Hanuš Wihan, aliyekuwa mpiga chelo hodari, alitaka mahali hapo pawekwe kipande cha kuonyesha ufundi wa vidole. Dvořák alikataa katakata, akamwandikia mchapishaji wake kwamba asikubali mabadiliko yoyote, kwa kuwa chelo ilipaswa kufifia taratibu kama pumzi, kisha ivimbe tena, na okestra ndiyo imalize kwa kishindo.

Ukilijua hilo utaelewa kwa nini ile jioni ya Upanga, Dar es Salaam, inanichoma hadi leo. Ulikuwa mdogo, lakini najua unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukipitisha sahani ya kashata. Santuri ilikuwa ile niliyorudi nayo kutoka masomoni Prague, Rostropovich akiwa na Okestra ya Philharmonic ya Czech chini ya uongozi wa Václav Talich, iliyorekodiwa mwaka 1952, kijana huyo akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimewaomba wageni wa baba yako wavumilie hadi mwisho, na kwa kweli walivumilia, hakuna aliyekohoa. Mkubwa wake wa kazini alikuwa amekaa kando ya gramafoni. Chelo ilipofika kwenye ile noti ndefu inayozidi kunyong'onyea, aliinama, akaunyanyua mkono wa sindano kwa vidole viwili, akasema, "Imekwisha, mama, hongera sana." Watu wakapiga makofi. Baba yako naye akapiga makofi. Kilichokuwa kimebaki hakifiki dakika moja, nacho ndicho nilichokuwa nimewaalika kuja kukisikiliza.

Wageni walipoondoka, baba yako alimtetea. Alisema mtu aliyelelewa na taarabu, kama alivyolelewa yeye Unguja kwa fidla na chelo za kikundi cha Ikhwani Safaa, huijua chelo kuwa ndiyo inayobeba uzito wa chini, na inaponyamaza msikilizaji ana haki ya kuamini kwamba wimbo umefika nyumbani. Nimebishana naye kwa hoja hiyo miaka yote, na tangu Mungu alipomchukua nimeendelea kubishana naye peke yangu. Kuna siku namkubalia: kama Rostropovich aliweza kumfanya mtu mzima aliyekuwa makini aamini kwamba hakuna kilichobaki, basi aliififisha sauti kama Dvořák alivyoagiza, na ile sindano iliyonyanyuliwa ilikuwa sifa kwake. Halafu namkatalia tena. Noti ile haikutungwa ili tuiache hapo, okestra haijajibu. Anayeondoka kabla ya jibu amesikia kilio bila kuwasikia waliokuja kuhani.

Sasa nirudi kwenye santuri zako. Ya Casals ilirekodiwa Prague mwezi wa Aprili 1937, George Szell akiongoza okestra ileile ya Czech, wakati Hispania, nchi ya Casals, ikiwa vitani. Ilitolewa kwa santuri za zamani ambazo kila upande ulichukua dakika nne hivi, na mikwaruzo utaisikia. Vumilia. Casals hapambi neno. Anasema na wewe kama mtu mwenye haraka ya kukueleza jambo zito, na hata mwishoni hajiachii kulegea. Fournier alirekodi Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kiongozi ni huyohuyo Szell, kwa hiyo unaweza kuwalinganisha wapiga chelo wawili chini ya mkono mmoja. Sauti yake ni safi, ina heshima, na fidla inapouimba wimbo wa Josefina yeye anaipisha kama anavyojua kupisha mtu aliyelelewa vizuri.

Iliyobaki ni ya Rostropovich na kiongozi wa okestra Karajan, nayo siwezi kuisikiliza bila kukumbuka tarehe. Tarehe 21 Agosti 1968, siku majeshi ya Kisovieti na washirika wao yalipoivamia Czechoslovakia, nchi ya Dvořák, Rostropovich alikuwa London akipiga koncheto hii na okestra ya taifa lake la Kisovieti, ukumbini kukiwa na watu wanaopaza sauti za kupinga. Alipiga huku akilia, na alipomaliza alikinyanyua juu kitabu cha noti za Dvořák watu wote wakione. Mwezi uliofuata akarekodi na Karajan Berlin. Katika rekodi hiyo mwisho unavutwa taratibu mno. Baba yako alisema umevutwa kupita kiasi, na mimi nimeshindwa kuamua kama ni kupita kiasi au ni haki yake. Koncheto ya chelo ya Elgar aliyopiga Jacqueline du Pré mwaka 1965, ambayo wewe na kaka yako mliigombania, usiichanganye humu. Inataka barua yake.

Umeniomba jina moja, na jina ninalo, tena lipo kwenye ncha ya kalamu ninapoandika mstari huu. Nalizuia kwa shida, kwa sababu nikilitaja utanunua hilo na kuyasikia masikio yangu badala ya yako. Kwa hiyo fedha yako iweke kwanza. Kaka yako anakuja huko mwezi ujao, nitampa zote nne zilizo kabatini, ikiwemo ile ya Upanga. Katika kila moja, anzia fidla inapouchukua wimbo, usiguse kitu hadi okestra imalize, kisha niandikie ni nani aliyekufanya uhisi kwamba jibu lile la okestra lilihitajika. Ukitaja ambaye sikumtarajia, tutabishana, na nitafurahi.

Mama yako