Mwanafunzi anayemaliza hesabu mapema na kuanza fujo

Mwalimu mwenzangu, mtoto anayemaliza zoezi wenzake wakiwa bado swali la pili, kisha akaanza kuwasumbua, mara nyingi si mtovu wa nidhamu, amechoka kusubiri. Usimwongezee maswali ya aina ileile, ataona anaadhibiwa kwa kujua. Mpe kwanza yale maswali matano magumu ya mwisho wa zoezi. Akiyapata, mwache aruke mengine, atunge swali lake au aeleze kwa nini kanuni inafanya kazi. Hapo ndipo utamwona ameinamia daftari kimya. Ila usimgeuze mwalimu msaidizi kila siku; naye amekuja kujifunza. Nawe usibebe mzigo huu peke yako, omba maswali kwa walimu wa madarasa ya juu. Akianza kulia kwa kukosa jibu moja, au akianza kukosa usingizi au kujitenga, zungumza na wazazi, aonwe na mshauri nasaha au mwanasaikolojia.