Vibamba vya hewa vilivyokatika: usitupe, tia chuma

SWALI

Shikamoo Fundi. Marehemu baba ameniachia sedani ya mwaka 1974. Injini inaitika mara moja, lakini matundu ya hewa ya kwenye dashibodi yamenishinda. Upande wa dereva vibamba vitatu, vile vipande vyembamba vya kuelekeza hewa, vimelala, nikiviinua vinaanguka tena. Cha nne kilikuwa kigumu, nikakilazimisha, kikanikatikia mkononi. Nikiwasha feni hewa inatoka kidogo tu, na inakuja na chembe nyeusi zinazonata kwenye nguo. Rafiki mmoja ananiambia nitie supagluu, mwingine anasema nichapishe vipya kwa printa ya plastiki. Nifanyeje?

Mrithi wa gari

JIBU

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee.

Kwanza, hicho kipande kilichokatika kitafute hata kama kimeangukia chini ya kiti, ukiweke kwenye kikopo chenye kifuniko. Kibamba cha asili, chenye rangi na mng'ao uleule wa wenzake, hakina mbadala wa kweli. Kilichokatika ni kijino cha pembeni tu, kile kinachoingia kwenye kitundu cha fremu. Kijino hicho tutakitengeneza cha chuma, na kitakuwa imara kuliko kile cha kiwandani.

Supagluu iache. Miaka ya nyuma niliitumia kwenye kibamba kama hicho, nikafunga vioo, nikaondoka. Asubuhi nilikuta ukungu mweupe umetanda kwenye plastiki nyeusi yote ya jirani, maana mvuke wa gundi ile huganda juu ya kilicho karibu. Na kijino chenyewe hakikudumu. Gundi ikikauka huwa ngumu lakini haina unyumbufu, na hapo mahali pa kushika ni padogo mno.

Kulitoa tundu ndiko kunakovunja vitu vingi kuliko ubovu wenyewe. Plastiki yako imeota jua nusu karne, imekauka. Ipashe kwa draya ya nywele hadi iwe vuguvugu mkononi, ndipo uguse. Usichokoe kwa bisibisi. Toa redio au kisanduku cha mbele ya abiria, ingiza mkono kwa nyuma, papasa vibanio, kisha sukuma tundu lije mbele taratibu. Kuna yanayoshikwa na skrubu iliyojificha, kwa hiyo likigoma, chungulia kwa tochi kabla ya kuongeza nguvu.

Likishatoka, chukua chembe ya plastiki iliyovunjika uitie majini. Ikielea, ni polipropilini au ya jamii yake, na gundi za kawaida hazishiki hapo. Ikizama, yaelekea ni ABS, plastiki ngumu ya kawaida magarini, na epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, itaishika vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Lainisha kwa msasa mahali kijino kilipokatikia hadi pawe bapa. Tafuta katikati, tia alama kwa ncha ya sindano, maana bila alama biti itateleza. Toboa kwa biti ya milimita 1, ukiizungusha kwa vidole. Keekee ya umeme ina kasi, itayeyusha plastiki au itatokea ubavuni. Ingia kina cha milimita 4, kila mzunguko ukiangalia kama biti imenyooka na kibamba. Kisha kata waya wa chuma wa unene huohuo (kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kinafaa mara nyingi), uukwaruze kwa msasa ushike gundi, uchovye kwenye epoksi, uingize. Uache usiku kucha.

Utaona waya ni mwembamba kuliko kijino cha zamani, utachezacheza ndani ya kitundu cha fremu na kutoa mlio gari likitembea. Chukua waya mdogo wa umeme, chuna ganda lake, kata kipande kifupi ukivishe kwenye chuma chako kama soksi. Jaribu maganda ya waya mbalimbali hadi upate linaloingia kwenye kitundu bila kulegea. Mimi hatua hii ndiyo naipenda kuliko zote. Kibamba kinageuka bila kelele, utadhani gari limetoka jana.

Usikirudishe kabla ya kujua kwa nini kilikatika. Kilikuwa kigumu kwa sababu kitundu kimejaa vumbi lililoshikana na grisi ya kale. Osha fremu kwa maji vuguvugu ya sabuni, zibua kila kitundu kwa kijiti cha meno. Hao watatu wanaolala tatizo lao ni la kinyume. Angalia kijiti cha nyuma kinachowaunganisha, pengine kimechomoka. Kama kipo, basi kile kitambaa cha felti kinachowabana wasianguke kimelika. Kata kingine kutoka kwenye felti nyembamba kama zile za chini ya miguu ya viti.

Printa naikubali pale tu kipande cha asili kimepotea kabisa. Ukifika huko, usikubali PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, maana hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na dashibodi chini ya kioo juani hupita hapo. Omba ABS au ndugu yake ASA.

Chembe nyeusi hazitoki kwenye vibamba. Ni sponji iliyobandikwa kwenye milango ya ndani ya boksi la hita, imeoza kwa joto na unyevu. Huo mlango usiozibika ndio unaopotezea hewa njiani. Boksi lifunguliwe, sponji ya zamani ikwanguliwe yote huku umevaa barakoa, ibandikwe mpya isiyonyonya maji.

Baada ya hapo, kama hewa bado ni dhaifu, fungua kioo cha nyuma kidogo. Ikiongezeka ghafla, hewa haina pa kutokea. Ford waliliona hilo kwenye gari lao la Cortina la mwishoni mwa 1964: waliweka matundu ya duara kwenye dashibodi, wakaweka na ya kutolea hewa kwenye nguzo za nyuma zinazoshika paa. Kama la mzee lina matundu hayo ya nyuma, yazibue.

Ukikwama kwenye kijiti cha kuunganisha, niandikie, na picha uipige upande wa nyuma wa tundu.